Mifano gani ya maisha halisi inafaa kufundishia swali la "tunajuaje kwamba tunajua"?

Mwalimu_Moro ameandika:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wenu hasa walimu wenzangu, na yeyote anayependa kulichimba jambo mpaka chini. Nafundisha kidato cha tano huku Morogoro, na jioni tuna klabu ya midahalo, haina mtihani wala maksi, watoto wanakuja kwa hiari yao. Muhula huu nimetaka tujadili maarifa yenyewe, yaani tunajuaje tunachosema tunajua, ushahidi kiasi gani unatosha, mwalimu akisema hivi na macho yako yakaona vile unashika lipi, na nani hasa ana haki ya kusema mimi najua.

Nilianza na pango la Plato, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, kama vitabu vinavyoelekeza, wale watu waliofungwa minyororo wanaangalia vivuli ukutani wakidhani ndio ulimwengu wenyewe. Wakasikiliza kwa adabu, wakaandika, basi. Hakuna aliyebisha, na klabu ya midahalo isiyo na mbishi imekufa hiyo. Alafu siku moja msichana mmoja akanifuata nje akaniuliza sir, bibi yangu akiangalia milima anasema mvua inakuja na inakuja kweli, hayo nayo ni maarifa au anabahatisha? Tukasimama pale wenzake wakaanza kujaa, kila mtu na la kwake, mmoja anataka bibi apimwe, mwingine anasema kupimwa ni kumvunjia heshima. Mjadala ambao Plato hakuniletea ukaja wenyewe.

Shida yangu sasa ni kuchagua. Mifano mingi ukiitoa inaishia kuwa pambo, watoto wanasema "kwahiyo tusiamini kila kitu" alafu wanaenda kula. Nataka mambo yaliyotokea kweli, yenye mahali na mwaka, ambayo ukizidi kuyachimba yanazidi kuwa magumu. Ya kwetu ikiwezekana. Karibuni.

---

Chaki_na_Umeme amejibu:

Mwalimu salama? Mimi ni wa fizikia, Tanga. Mfano wako uko Lushoto na una zaidi ya miaka sitini, Erasto Mpemba. Najua utasema watoto wanamjua, ndio wanalijua jina, lakini wanalijua kama sifa ya taifa tu, "Mtanzania aligundua maji ya moto yanawahi kuganda", makofi, basi. Wasimulie taratibu, hatua kwa hatua.

Mwaka 1963, sekondari ya Magamba, yuko kidato cha tatu. Wavulana pale walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unayaacha yapoe ndo unayaingiza kwenye friji. Nafasi ya friji ni ya kugombania. Siku hiyo mwenzake mmoja akaingiza ya kwake bila kuchemsha kabisa ili awahi, Mpemba naye akaona akisubiri yapoe atakosa nafasi, akayaingiza ya moto vile vile. Baada ya saa moja na nusu hivi wanarudi, ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado ni kimiminika kizito. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Jibu likawa umechanganyikiwa, hilo haliwezekani.

Ukifika hapo simama. Usiwaambie kilichoendelea. Waulize huyu mwalimu alikosea nini, utaona darasa zima linamrukia. Wakishamaliza mtetee wewe, tena kwa nguvu zako zote, maana mwalimu ana hoja nzito: maji ya moto ili yafike kwenye kuganda lazima yapite kwanza kwenye lile joto ambalo yale ya baridi yalianzia, na wakati yanafika hapo yale mengine yameshasonga mbele, sasa yatayapita wapi? Upande wa pili una nini? Mtoto mmoja, friji moja, mara moja, hakuna kipimo hata kimoja. Ungekuwa wewe ungeiweka kando fizikia yote uliyosoma kwa ajili ya aiskrimu?

Sasa endelea. Mpemba akakutana na rafiki yake anayetengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini, akamwambia wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi kwa sababu unawahi. Wale walikuwa kwenye biashara, fizikia hawakuihitaji. Akafaulu akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo siyo fizikia ya ulimwengu hiyo ni fizikia ya Mpemba, na wanafunzi wakaidaka, kila akikosea kitu wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Akajaribu mwenyewe kwa bika mbili kwenye maabara ya biolojia. Alafu akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akauliza swali lake mbele ya wote, wenzake wakacheka. Osborne hakusema ndiyo na hakusema hapana, aliahidi kwenda kujaribu. Alivyorudi Dar akampa kazi fundi wa maabara, na fundi akaleta taarifa kwamba yaliyoanza ya moto ndo yaliyotangulia kuganda, ila akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Hiyo kauli ya fundi itumie kipindi kizima mwalimu. Jibu analo mkononi na bado haliiti jibu, kwa sababu kichwani limeshakaa lingine. Waulize: kurudia jaribio si ndo sayansi inavyotaka? Sasa fundi amekosea wapi, au hajakosea? Mimi nimeshaona watoto wanagombana hapo mpaka nakosa pa kuingilia. Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka mwaka 1969 kwenye jarida la elimu ya fizikia la Uingereza.

---

BintiKibokoni amejibu:

Asalaam aleykum nyote. Mimi niko Mombasa, na mwalimu kama darasani kwako kuna watoto wa Kiislamu basi mfano wanao nyumbani, kuandama kwa mwezi.

Mwezi wa Kiislamu ni siku 29 au 30, hauzidi hapo. Magharibi ya siku ya 29 watu wako juu ya mapaa, wako ufuoni, macho yote upande wa machweo. Mtu akiona anapeleka habari, anahojiwa, huku kwetu Kadhi Mkuu ndiye anayetangaza, huko kwenu ni Mufti. Sasa ukikaa karibu wazee wakimhoji aliyeona ndio utajua hii ni elimu kubwa. Haulizwi "umeona?" ikaishia hapo. Anaulizwa ulikuwa wapi, pembe zake zilielekea upande gani, ulikuwa juu ya bahari kiasi gani, ulikaa muda gani kabla ya kuzama, mlikuwa wangapi, na wewe mwenyewe watu wanakujuaje, ni mkweli? Habari inapimwa na aliyeileta anapimwa pamoja nayo. Shahidi muadilifu mwenye macho dhaifu akubaliwe? Kijana mwenye macho makali ambaye hakuna anayemjua mtaani je? Hayo waulize watoto wako waone.

Alafu ingiza hesabu. Leo wataalamu wa falaki wanajua kwa dakika mwezi unakutana na jua lini, na unazama saa ngapi kila mji. Zipo jioni ambazo mwezi umezama kabla ya jua, yaani hauko juu kabisa, na bado watu wakaja wakasema tumeuona. Hapo utamwambia nini mtu mkweli anayeapa? Wapo wanaosema hesabu itumike kukataa tu: ikisema mwezi hauko juu basi shahidi ameona kitu kingine, labda wingu, labda nyota, lakini ikisema uko juu bado lazima jicho lione. Wengine wanakataa hata hilo, wanasema tumeamrishwa kuona na kukiwa na mawingu tutimize thelathini. Na wengine wanaona hesabu inatosha yenyewe.

Ila ninalopenda mimi zaidi ni ile habari ya Kuraib iliyomo katika Sahih Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume. Alikuwa Sham, upande wa Syria, mwezi wa Ramadhani ukaonekana huko usiku wa kuamkia Ijumaa, Muawiya aliyekuwa mtawala wa huko akafunga na watu wakafunga. Kuraib akarudi Madina mwisho wa mwezi, Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akamuuliza mliuona lini, akamwambia. Ibn Abbas akasema lakini sisi tuliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, tutaendelea kufunga mpaka tutimize thelathini au tuuone. Kuraib akauliza kwani haitoshi kuona kwa Muawiya na kufunga kwake? Akasema hapana, hivi ndivyo alivyotuamrisha Mtume.

Tazameni jambo lilivyo jema hapo. Ibn Abbas hakumwita Kuraib muongo. Habari ni ya kweli, mletaji ni mkweli, na bado haikubadilisha kitu Madina. Kwahiyo kuna kujua kwamba jambo ni kweli, na kuna kukubali kwamba linanifunga mimi hapa nilipo, na hayo mawili hayaendi pamoja siku zote. Ndio maana mpaka leo kuna wanaofuata muandamo wa nchi yao na kuna wanaofuata uonekanao popote duniani, na Idd inakuwa siku mbili katika mji mmoja, wakati mwingine katika nyumba moja. Nakuomba tu mwalimu usiwageuze wakagombana nani yuko sawa kidini, waulize ni ushahidi gani kila upande unaukubali na kwa nini.

---

Fundi_Baridi amejibu:

Nimemsoma Chaki, kasimulia vizuri sana ila kaishia mahali ambapo watoto watatoka wakidhani mambo yamekwisha. Hayajakwisha wakuu.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden huko Uingereza walirudia majaribio, wakapima muda wa maji kushuka mpaka nyuzi 0, hawakupata ushahidi wa maana kwamba ya moto yanawahi. Wakaonyesha pia kwamba ukikiweka kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ya pale kilipokuwa kwenye chombo kingine unaweza kujipatia "ugunduzi" ambao haupo. Alafu 2020 Kumar na Bechhoefer wa Canada wakaonyesha kitu cha aina hiyo kikitokea kweli, tena kwa majaribio yaliyodhibitiwa vizuri, lakini kwa chembe moja ndogo sana iliyowekwa ndani ya maji, wanaangalia inavyofikia utulivu wake, siyo maji yenyewe kuganda. Wameendelea kukiita kwa jina la Mpemba. Na usisahau mwaka ule ule 1969 George Kell wa Canada alichapisha habari ya maji ya moto kuwahi kuganda bila kujua chochote cha Magamba.

Mimi kazi yangu ni vyumba vya baridi vya samaki hapa Mwanza, kila siku niko na kompresa na barafu, na nawaambia "kuganda" peke yake ni ugomvi. Unahesabu pale utando wa kwanza wa barafu unapotokea juu au pale kitu chote kinapokuwa jiwe? Maji safi yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki maji kabisa, ukigusa chombo yanaganda mbele ya macho yako. Alafu angalia chombo kimekaa juu ya nini, friza zetu hizi zinajenga barafu nyeupe nyepesi kwenye sakafu, sufuria ya moto ikitua pale inaiyeyusha inakaa kwenye chuma chenyewe, ya baridi inabaki juu ya ile barafu nyepesi ambayo inazuia baridi isipande, hapo tayari hamshindani sawa. Ongeza mvuke, maji ya moto yanapungua yakiwa njiani kwahiyo yanayobaki ya kugandisha ni machache. Ongeza na hewa iliyomo ndani ya maji, ukichemsha inatoka.

Sasa swali langu kwa klabu yako ni hili, Mpemba alijua nini? Kwamba maziwa yake siku ile yaliwahi kuganda kuliko ya mwenzake alijua, hilo hakuna wa kumnyang'anya, aliona. Lakini kutoka "hiki kimetokea hapa" mpaka "hivi ndivyo huwa inatokea" kuna safari, na hiyo safari wanasayansi wako njiani mpaka leo. Na yule mwalimu wa kwanza inawezekana kabisa alikuwa na haki kuhusu kanuni, kosa lake likawa kumwambia mtoto hukuona ulichokiona. Hapo wagawe watoto makundi mawili uone moto.

---

Chaki_na_Umeme amejibu:

Fundi nakubaliana nawe kwa asilimia kubwa, ila kidogo nabisha. Wale wa 2016 walipima kufika nyuzi 0, Mpemba alizungumzia kuganda, na wewe mwenyewe umetoka kusema hayo ni mambo mawili. Osborne alipima muda mpaka barafu inapoanza, na akaona yaliyoanzia nyuzi 25 yalichelewa kuliko yaliyoanzia 90. Kwahiyo kabla ya kusema huyu kamshinda huyu tuulize kwanza kama waliulizwa swali moja. Hilo nalo ni la klabu, watu wawili wanaweza kubishana miaka hamsini kumbe kila mmoja anajibu la kwake.

---

MamaNesi amejibu:

Mwanangu mwalimu, Mungu akubariki kwa hiyo kazi. Mimi ni muuguzi mstaafu, Arusha. Wasimulie Loliondo.

Wanafunzi wako walikuwa wachanga au hawajazaliwa, kwahiyo watume kwanza wakawaulize wazazi. Mwaka 2011, kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu, alikuwa anatoa kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500, mizizi ya mugariga imechemshwa, na akisema ni Mungu aliyemwotesha. Watu walikwenda kwa maelfu, foleni ya magari kilomita nyingi porini, Watanzania, Wakenya, wenye nacho na wasio nacho, wakubwa wa serikali nao walikunywa, wapo waliofia njiani wakisubiri. Mwenyewe alifariki 2021. Nawaomba sana watoto wasianze kwa kucheka. Mtu aliyepanda lori na mgonjwa wake siku kadhaa siyo mjinga, ametafuta kote na ana uchungu.

Waulize wangejuaje kama dawa inaponya. Watasema kwa kuwauliza waliokunywa. Haya, mtu anasema "nimepona", ana maana gani? Anaweza kuwa na maana kwamba anajisikia vizuri, au kipimo kimebadilika, au ugonjwa umetoka kabisa mwilini, na hivyo ni vitu vitatu mbalimbali. Sukari na presha hupanda na kushuka zenyewe, na mtu huanza safari akiwa amezidiwa, wiki mbili baadaye angeweza kupata nafuu hata angebaki nyumbani. Ana aliyoyakata njiani, chumvi, pombe, wasiwasi. Na asiyepata nafuu harudi kutoa ushuhuda, aliyekufa ndo kabisa, kwahiyo ukisikia shuhuda mia moja za kupona hujasikia habari yote, umesikia za walioweza kuja kusema. Mimi nilikuwa nawaambia wagonjwa wangu, kunywa kikombe chako mama lakini dawa zako usiache, na uje na kadi tupime, tulinganishe na kabla. Kadi ile ya kliniki yenye tarehe na namba zilizoandikwa kwa kalamu tofauti tofauti, mwalimu, ukiweza kupata moja ambayo jina limefichwa waonyeshe, waone ushahidi ulivyo kwa sura yake.

Lakini usiishie hapo maana watadhani miti ni uongo na hospitali ndo kweli. Dawa mseto ya malaria tunayomeza wote, sehemu yake moja imetoka kwenye mmea wa Kichina. Tu Youyou, mama mtafiti wa dawa huko China, na wenzake walikuwa wanapekua maandiko ya kale ya tiba, dondoo zao zikawa mara zinafanya kazi mara hazifanyi, mpaka akarudi kusoma maandiko ya Ge Hong, mganga wa miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, anasema loweka majani kwenye maji kisha kamua unywe ile juisi. Haikutajwa kuchemsha. Akashuku kumbe joto ndilo linaloua dawa, akaitoa bila joto kali, miaka ya 1971 na 1972, ikafanya kazi, na 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Sasa Ge Hong alijua? Maana tiba aliiandika sawasawa, na chembe yenyewe inayoponya ndani ya jani hakuwahi kuijua. Na je, bila yule mganga yule mama angejua? Hapo ndo waache wapambane wanangu.

---

Mwana_Jarife amejibu:

Kwa ufupi tu, muongeze silikanti, yule samaki wa kale. Mwaka 1938 meli ya uvuvi ilimpata mmoja Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho la East London akamuona kwenye rundo la samaki akajua huyu si wa kawaida, akamwandikia mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith, dunia nzima ikashangaa kwa sababu vitabu vyote vilisema samaki huyo alitoweka miaka milioni 66 na zaidi iliyopita. Smith akasambaza matangazo ya zawadi ya pauni 100, wa pili akapatikana 1952 Anjouan, Komoro, na ikaja kujulikana kwamba wavuvi wa pale wana jina lake kabisa, gombessa, wanampata mara moja moja na hawamthamini sana. Kwetu Tanzania alithibitishwa 2003 maeneo ya Songo Mnara, baada ya hapo Tanga wakaanza kuingia kwenye majarife ya papa, na 2009 tukapata Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.

Nimezaliwa kwenye familia ya bahari na jambo hili linanigusa. Tunasema "aligunduliwa 1938". Na nani? Mvuvi wa Anjouan alijua yupo, anakaa kina gani, nyama yake ikoje. Hakujua kwamba vitabuni ameshakufa. Smith alijua ukoo wake kwa mamilioni ya miaka na hakujua anapatikana wapi. Kila mmoja ana nusu ambayo mwenzake angeitoa mali kuipata, ila mmoja tu ndo jina lake liko kitabuni.

---

Mwl_Njiro amejibu:

Mwalimu, nafundisha shule ya mtaala wa kimataifa, na sisi hili ni somo kabisa la lazima kwenye diploma ya IB, Nadharia ya Maarifa. Wanafunzi wanapewa orodha ya maswali 35, anachagua moja, alafu analifungamanisha na vitu vitatu halisi na kueleza kwa maandishi. Kinachowaangusha wengi ni kuleta kitu cha jumla. Analeta "dira" au "ramani" kwa ujumla, hapo hana cha kusema. Akileta ramani ile ambayo babu yake aliitumia kwenye kesi ya shamba, yenye mstari uliochorwa upya kwa wino mwingine, anaandika mpaka unamzuia.

Nikiangalia mliyotoa hapa naona kila mfano wenye nguvu una mtu aliyekataa, na alikuwa na sababu. Mwalimu wa Magamba alikataa, Ibn Abbas alikataa kuifuata habari ya Kuraib, wale wa 2016 wamekataa, vitabu vilimkataa silikanti. Mimi siku hizi kabla ya kuingia na mfano darasani najiuliza ni nani hapa aliyekataa akiwa na akili timamu, na ingehitajika nini ili akubali. Nikikosa huyo mtu naachana na huo mfano, hata uwe mtamu vipi. Na yule bibi wa mvua mwalimu usimwache, ila usiwaambie watoto wamjadili hewani. Huyo mjukuu akamuulize anaangalia nini hasa, wingu limekaaje, upepo, wadudu, miti ipi imechanua, aandike, alafu wafuatilie msimu mzima pamoja na utabiri wa mamlaka ya hali ya hewa. Bibi aambiwe na akubali, na awe na nafasi ya kusema jaribio lenu mmelipanga vibaya.

---

Mwalimu_Moro ameandika:

Wakuu nimekaa naandika toka mmeanza. Mama Nesi shikamoo, na asante sana, hilo la kadi ya kliniki nitalifanyia kazi kwa utaratibu, na hilo la kutocheka nitalisema la kwanza kabisa. BintiKibokoni, darasani nina vijana wawili ambao wazee wao wanafuata muandamo tofauti, nitawaomba wao ndo waongoze siku hiyo, kila mmoja aeleze ushahidi anaoukubali mwenzake na siyo wa kwake, nadhani hapo tutasikilizana.

Nimeamua tutaanza na Mpemba, na nitaisimamisha hadithi pale pale Chaki aliposema. Nitawapigisha kura kwa maandishi, unamuamini mtoto au mwalimu, na uandike ni kitu gani kingekufanya uhamie upande wa pili. Kura zinafungwa. Alafu tunafanya jaribio wenyewe, jikoni kuna friza ya mpishi na ameshanikubalia rafu moja. Ndo baada ya hapo nawasomea kauli ya fundi wa maabara, na wiki inayofuata nawaletea ya 2016 niangalie wangapi wanataka kubadilisha kura. Ya Mwl_Njiro kuhusu aliyekataa nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Mjukuu wa bibi nimeshamwambia, ameomba aanze kumuuliza wikiendi hii.

Fundi, hebu nisaidie kwenye jaribio, vyombo nilivyonavyo ni vikombe vya plastiki na vipimajoto viwili vya maabara.

---

Fundi_Baridi amejibu:

Vikombe viwe vya aina moja, maji ya chanzo kimoja, na upime kwa uzito kama mna mizani kwa sababu ya moto yatapungua kwa mvuke, pima kabla na pima baada. Ya moto usizidishe nyuzi 80, plastiki zingine zinalegea. Kwangua barafu yote kwenye rafu kwanza alafu weka ubao mwembamba chini ya vikombe vyote ili pasiwe na kinachokaa kwenye chuma. Msiweke viwili tu, weka vitatu vya moto na vitatu vya baridi, mvipange kwa kupishana maana friza haipoi sawa pande zote, kona ya nyuma huwa kali zaidi. Vipimajoto mvifunge na uzi vikae kina kimoja. Na kabla hamjafunga mlango kila mwanafunzi aandike "imeganda" kwake maana yake nini, barafu ya kwanza au kikombe kizima, karatasi zibaki kwako. Mpishi naye mwambie asifungue friza kuchukua nyama katikati ya jaribio. Utupe majibu hapa hapa, yawe yoyote.